Lugha ya Tahadhari: Maneno ya Wizi na Ulinzi kwa Wanafunzi wa Chuo Kikuu

Tahadhari kabla ya hatari, husema Waswahili. Methali hii hukaririwa sana, lakini ni mara chache watu hujiuliza tahadhari yenyewe imeundwa kwa kitu gani. Sehemu yake moja ni kufuli, ukuta, taa na askari wa zamu. Sehemu ya pili ni maneno: tangazo la ubaoni, agizo la mlinzi wa lango, shauri la mzazi, na ukelele wa mtu aliyevamiwa. Kufuli bovu huonekana kwa macho, na fundi huitwa. Neno bovu halionekani upesi, na huweza kubaki mahali pake miaka mingi likidhaniwa kuwa lafanya kazi. Makusudi ya makala haya ni kueleza maneno ya Kiswahili yahusuyo wizi na ulinzi, kwa kadiri yanavyowagusa wanafunzi wa vyuo vikuu, na kuonyesha kwamba onyo humlinda msomaji pale tu linapotaja tendo, mahali, saa, na jambo la kufanya.

Mfano ulio karibu ni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Chuo hiki kilianza mwaka 1961 katika jengo la Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria wasiozidi darasa moja. Mwaka 1964 kilihamia Mlimani, na mwaka 1970 kikawa chuo kikuu kinachojitegemea. Siku hizi wanafunzi wake ni maelfu mengi. Wako wakaao katika mabweni ya Mlimani, wako wa Mabibo, wako wa mabweni yaliyofunguliwa mwaka 2017 na kupewa jina la Rais Magufuli, na wako wengi waliopanga vyumba Sinza, Changanyikeni, Msewe na Ubungo. Wale wa kwanza waliweza kuonywa kwa mdomo, kila mmoja kwa jina lake. Hawa wa leo huonywa kwa karatasi ya ubaoni na kwa ujumbe wa simu. Kwa hiyo lugha imetwikwa mzigo ambao zamani ulichukuliwa na kufahamiana.

Majina ya tendo

Kiswahili si maskini wa maneno ya wizi. Kitenzi kikuu ni iba, ambacho ni cha asili ya Kibantu. Mtenda wake katika maandishi ya zamani huitwa mwivi, na wengi wao wevi. Maumbo hayo yangali yakisomwa katika tafsiri ya Biblia ya mwaka 1952. Kugeuka kwa b kuwa v mbele ya kiishio -i ni kanuni ile ile iliyotoa mgomvi katika gomba. Katika usemi wa leo umbo mwizi, wezi, ndilo lililoshinda. Yafaa kuangalia kwamba mlinzi naye ameundwa kwa kiishio hicho hicho, kutoka linda, kama mpenzi alivyoundwa kutoka penda. Mwizi na mlinzi ni ndugu wa sarufi, ijapokuwa ni maadui wa kazi.

Chini ya iba yako maneno ambayo kila moja lataja namna yake. Kudokoa ni kuchukua kidogo kidogo kitu cha mwenzi, kama sukari, sabuni au mafuta ya kupikia, na mdokozi kwa kawaida ni mtu wa karibu. Kuchopoa ni kutoa kitu mfukoni au mkobani pasipo mwenyewe kujua. Kukwapua ni kuchukua kwa ghafula na kukimbia, na mwenyewe hujua papo hapo. Kupora ni kuchukua waziwazi kwa mabavu, mara nyingi kwa kundi. Kunyang'anya ni kuchukua kwa nguvu au kwa kutisha kitu kilichomo mikononi mwa mwenyewe. Kutapeli, pamoja na maneno ya zamani zaidi, laghai na hadaa, ni kumfanya mtu atoe mali yake kwa hiari aliyodanganywa nayo.

Tofauti hizi si za mapambo, kwa maana kila tendo lina kinga yake. Udokozi huzuiwa kwa kufuli la kabati na kwa maneno ya wazi baina ya wakaao chumba kimoja. Kuchopolewa huzuiwa kwa kuubeba mkoba kifuani ndani ya daladala. Kukwapuliwa huzuiwa kwa kutozungumza na simu ukingoni mwa barabara, ambapo pikipiki yaweza kupita karibu na sikio. Kunyang'anywa huzuiwa kwa kuchagua njia na saa, na kama kumekwisha kutokea, roho huokolewa kwa kuiachilia mali. Utapeli hauzuiwi kwa kufuli wala kwa mlinzi, bali kwa kukawia kujibu. Mwandishi wa tangazo akiyafunika yote haya kwa neno moja, uhalifu, huwa ameficha kinga zote tano kwa pamoja.

Sheria nayo hupambanua. Katika Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, wizi ni kuchukua mali ya mtu kwa hila na pasipo haki. Wizi huo ukiandamana na nguvu au vitisho huitwa unyang'anyi. Na ukifanywa kwa silaha huitwa unyang'anyi wa kutumia silaha, ambao tangu mabadiliko ya mwaka 2004 adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 30. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania. Tangu hapo neno alitamkalo mwanafunzi mbele ya meza ya polisi lina uzito zaidi, kwa kuwa laweza kusafiri hadi hukumuni bila kupita katika lugha nyingine.

Kuibwa, kuibiwa na kupotea

Sarufi ya kitenzi iba ina jambo jingine la maana. Husemwa, «Kompyuta imeibwa,» na husemwa, «Mwanafunzi ameibiwa kompyuta.» Katika sentensi ya kwanza kiima ni mali, katika ya pili, kwa msaada wa kauli ya kutendea iliyogeuzwa kuwa kauli ya kutendwa, kiima ni mtu aliyepatwa na hasara. Sentensi zote mbili ni kamili, na zote mbili hazimtaji mwizi. Mazungumzo ya kawaida hutosheka na hayo, lakini maelezo ya polisi hayatosheki. Huko hutakiwa kauli ya kutenda: nani aliingia, alipita wapi, alivaa nini, alichukua nini, akaondoka saa ngapi. Mwanafunzi asimuliaye kwa kauli ya kutendwa tu hutoa maelezo ya hasara yake mwenyewe, asitoe maelezo ya mtu atafutwaye.

Wako pia wasemao, «Simu yangu imepotea,» hali wajua kwamba imechukuliwa. Husema hivyo kwa haya, au kwa kuogopa kumdhania mwenzi wa chumba. Lakini kupotea na kuibiwa ni njia mbili tofauti kituoni. Aliyepotelewa hupewa hati ya upotevu ya kumwezesha kupata kitambulisho au laini mpya. Aliyeibiwa hufunguliwa taarifa yenye namba yake, ambayo watu huiita RB, na upelelezi huweza kuanza. Neno la haya hufunga njia ya pili kabla haijafunguliwa.

Hapa methali nyingine yafaa sana: mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii ilikuwa ya wafanya biashara, lakini yamfaa mwanafunzi kwa herufi zake zote. Kila simu ina namba ya utambulisho yenye tarakimu 15, ambayo huonekana kwa kubonyeza *#06#. Kompyuta nayo ina namba yake, iliyochapwa chini ya mwili wake. Namba hizo zikiandikwa katika daftari linalohifadhiwa mbali na vyombo vyenyewe, «simu nyeusi» huwa simu moja tu miongoni mwa simu zote nyeusi za mjini.

Majina yapunguzayo hatari

Miongoni mwa maneno yaliyoenea sana mijini ni kibaka, wengi vibaka. Ni neno la ngeli ya ki- na vi-, ambayo hukusanya vitu vingi, lakini ndiyo pia ngeli ya kudunisha: kitoto, kijumba, kijitu. Kwa hiyo msikilizaji huletewa picha ya mtu mdogo mwenye hatari ndogo, na usemi «ni vibaka tu» hutoka kinywani kwa urahisi. Jambazi, kwa upande mwingine, ni neno lililotokana na Kiajemi, likiwa na maana ya mtu achezaye na roho yake. Na kwa sauti yake na kwa matumizi yake hutisha. Walakini kisu hakisomi ngeli za nomino. Mtu aitwaye kibaka aweza kuua sawasawa na aitwaye jambazi.

Mfano mwingine ni jina Panya Road, walilopewa vijana wa Dar es Salaam waliovamia watu mitaani na majumbani kwa mapanga, ambalo magazeti yalilitumia sana mwaka 2015 na tena mwaka 2022. Jina hilo hukumbusha njia za panya, yaani vichochoro visivyopitwa na wengi, na panya ni mnyama wa kufukuzwa kwa ufagio. Kwa njia hiyo jina la mzaha huingia katika habari za vifo. Haisemwi kwamba majina ya mtaani yakatazwe, kwa kuwa hayakatazwi yakasikia. Lakini tangazo la chuo halilazimiki kuyaiga. Likisema «vijana watatu wenye mapanga,» msomaji hupata idadi na silaha. Likisema «vibaka,» hupata dharau tu.

Saa na giza

Saa ya Kiswahili huhesabiwa tangu asubuhi na tangu magharibi, na kwa mzawa wa Afrika ya Mashariki jambo hili halina fumbo. Lakini chuo kikuu hupokea wageni, na simu za wote, wageni na wenyeji, huonyesha saa kwa hesabu ya kizungu. Tangazo lisemalo «Lango hufungwa saa 4 usiku» humaanisha saa 22:00. Mwanafunzi aliyeanza kujifunza Kiswahili mwezi uliopita aweza kudhani kwamba lango hubaki wazi karibu hadi alfajiri. Kosa la upande wa pili ni la mfasiri, aonaye tarakimu 10 katika maandishi ya Kiingereza akaandika «saa 10 usiku,» na wenyeji wakasoma kuwa ni wakati wa kuamka. Dawa yake ni rahisi: saa iandikwe kwa hesabu zote mbili, «saa 4 usiku, yaani 22:00.»

Majina ya vipindi vya siku nayo yana mipaka ya kuteleza. Dar es Salaam jua huchwa baina ya saa 12 na saa 1 mwaka mzima, na katika nchi za joto giza huingia upesi baada ya kuchwa. Hata hivyo saa 1 kwa watu wengi ni jioni bado, wakati wa kutoka maktaba na kwenda kutafuta chakula. Onyo lisemalo, «Msitembee usiku,» humwacha nje mtu huyo. Yeye huona kwamba usiku ni ule wa saa 5 na wa manane, na ya kwamba haambiwi yeye. Tangazo likitaja giza badala ya usiku, au likitaja saa yenyewe, hakuna awezaye kujitoa katika hesabu.

Hodi

Kabla ya kufuli za chuma, Waswahili walikuwa na ulinzi wa maneno mlangoni. Mgeni hupiga hodi, hungoja, hupiga tena, na aliyemo ndani huitika, «Karibu,» au hunyamaza. Neno hodi si salamu tu. Ni ombi la ruhusa, na nguvu yake yote imo katika kungoja. Mahali ambapo kungoja kumekufa, hodi hubaki sauti tupu.

Katika mabweni desturi hii imegeuzwa kuwa ufunguo wa mwizi wa mchana. Hupiga hodi mara moja akasukuma mlango. Akikuta chumba ni kitupu, huchukua apendacho. Akikuta mtu, huuliza kwa adabu, «Namwulizia fulani,» akataja jina la kubuni, akaomba radhi na kuondoka. Aliyeulizwa hujibu kwamba fulani hakai hapo, akarudi kitabuni. Kila neno lililosemwa hapo ni la heshima, na heshima hiyo ndiyo kificho chake.

Usiku huwa na mchezo mwingine. Aliye ndani huuliza, «Nani?» na wa nje hujibu, «Mimi.» Jibu hili ni sahihi kwa sarufi na halina habari yoyote, kwa kuwa kila binadamu ni mimi. Nafsi ya kwanza humtambulisha msemaji kwa wale tu wanaomwona au waijuao sauti yake. Hivyo kanuni iliyo bora kwa wakaao pamoja ni kwamba hodi hujibiwa kwa kuulizwa jina, na jina likitajwa hufuatiwa na shauri lililomleta. Mtu anayemwulizia asiyekuwepo aulizwe naye ametumwa na nani, kisha mlinzi wa bweni aarifiwe. Hilo si kukosa ukarimu. Karibu ni neno la mwenye nyumba, na mwenye nyumba hulitoa akiisha kumjua mgeni.

«Ile pesa»

Huduma ya kupeleka fedha kwa simu ilianza Kenya mwaka 2007 kwa jina la M-Pesa, ikafika Tanzania mwaka 2008. Pamoja nayo ulizaliwa utapeli wa maandishi, na sentensi yake mashuhuri, kwa sura zake mbalimbali, ni hii: «Ile pesa itume kwenye namba hii.» Mwanasarufi aitazamaye atastaajabia uchache wa maneno yake. Haitaji jina la mwandishi, wala kiasi, wala sababu. Kazi yote yafanywa na kionyeshi ile.

Kionyeshi hiki kina matumizi mawili. Kwa kwanza huonyesha kitu kilicho mbali na wasemaji wote wawili. Kwa pili hurejea jambo lililokwisha kutajwa na kufahamika baina yao. Tapeli hutumia la pili pasipo kuwa na mazungumzo yoyote ya nyuma. Msomaji, kwa kufuata kanuni za lugha yake mwenyewe, hutafuta akilini pesa ambayo yaweza kuitwa ile, na mara nyingi huipata: kodi ya chumba aliyomwahidi mwenye nyumba, ada ambayo mzazi yuko njiani kuituma, deni la rafiki. Basi yeye mwenyewe hujaza jina, kiasi na sababu, kisha huamini kwamba ameambiwa. Kiambishi i- katika itume hukazia tena kwamba pesa hiyo ni moja na yajulikana.

Swali la maneno mawili, «Pesa gani?», latosha kuivunja hila yote, kwa kuwa humtaka mwandishi ataje kile alichokwepa kukitaja. Swali hilo mtu ajiulize mwenyewe, asimpelekee tapeli. Kisha ampigie simu, kwa namba aliyoijua tangu zamani, yule anayemdhania kuwa ndiye aliyeandika.

Hatari huzidi katika siku za fedha za mkopo. Wanafunzi wa Tanzania huita fedha hizo bumu, na habari za kutoka kwake huenea kwa muda mfupi, zikawafikia hata wasiohusika. Hapo hutokea watu wajifanyao maofisa wa mkopo au wa kampuni ya simu, wakaomba namba ya siri ili «kurekebisha taarifa.» Jina la namba hiyo lajieleza lenyewe. Siri iliyosemwa kwa mtu wa pili imekwisha kuwa habari, na hakuna ofisa wa kweli aihitajiye. Udanganyifu wa namna hii ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Kwa hiyo ujumbe wenyewe usifutwe, maana ndio ushahidi.

Maneno ya haya

Kuna makosa ambayo wasemaji wa Kiswahili huyataja kwa tafsida. Aliyebakwa husemwa kuwa «amefanyiwa kitu kibaya» au «ameharibiwa.» Tafsida ni adabu ya kale, na makusudi yake ni kumstahi aliyeumizwa. Lakini katika jambo hili yaweza kumdhuru. Daktari na polisi wahitaji kujua ni tendo gani, na wahitaji kujua mapema. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI hufaa zikianzwa kabla ya kupita saa 72. Ushahidi wa mwili na wa nguo hupotea kwa kuoga na kufua. Siku mbili zilizopita katika kutafuta neno la heshima ni siku mbili zilizoibwa katika matibabu na katika haki.

Uchaguzi wa kitenzi nao hubeba hukumu. Nchini Tanzania hutumiwa zaidi kubaka, ambacho humwelekea mtenda na nguvu zake. Nchini Kenya magazeti hutumia pia kunajisi, hasa kwa makosa dhidi ya watoto, ambayo Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya mwaka 2006 imeyatenga na ubakaji wa watu wazima. Neno najisi lina asili ya Kiarabu, na maana yake ni uchafu wa kiibada. Likiwa kitenzi humtia uchafu huo aliyetendwa, na aliyetenda hubaki bila doa. Msamiati usio na kosa hilo ni ule unaomtaja mtenda kwa tendo lake.

Neno jipya lililofaulu katika eneo hili ni rushwa ya ngono. Zamani mhadhiri aliyedai mwili wa mwanafunzi badala ya alama za mtihani alisemwa kuwa «anasumbua wasichana,» usemi unaofanana na wa mzaha. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, katika kifungu cha 25, ililifanya jambo hilo kuwa kosa la rushwa. Neno rushwa liliondoa jambo katika mazungumzo ya mapenzi na tabia, likalitia katika mazungumzo ya madaraka yaliyouzwa. Tangu hapo mwanafunzi ana jina la kusema, na ana mahali pa kulipeleka, yaani TAKUKURU, ambayo namba yake ya simu ni 113. Kwa ubakaji na ukatili mwingine wa kijinsia, yako Madawati ya Jinsia na Watoto katika vituo vya polisi.

Ukelele wa «Mwizi!»

Limebaki neno moja, lililo fupi na lenye kutisha kupita yote. Tangu kale mtu aliyevamiwa alipiga yowe. Kwa Wasukuma ukelele huo huitwa mwano, na aliyeusikia aliwajibika kutoka. Juu ya wajibu huo yalijengwa makundi ya sungusungu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Lakini yowe la kijijini lilisikiwa na watu waliojuana. Walijua nani ni jirani, nani ni mgeni, na kijana anayekimbia ni mtoto wa nani.

Mjini, Dar es Salaam hata Nairobi, neno «Mwizi!» likipigwa barabarani husikiwa na watu wasiojuana wala wasiomjua anayekimbia. Hutosha kukusanya mawe, fimbo na matairi. Waliokufa kwa neno hilo ni wengi, na miongoni mwao wako waliofananishwa tu. Kisha magazeti huandika kwamba marehemu «aliuawa na wananchi wenye hasira kali.» Usemi huu wataka kuangaliwa sehemu kwa sehemu. Mwananchi ni neno la heshima, lililokuzwa na enzi ya uhuru, na humfanya muuaji kuwa mwakilishi wa nchi. Wingi wake huondoa majina yote. Hasira kali hutolewa kuwa sababu, kana kwamba ni mvua iliyonyesha. Msomaji hufika mwisho wa habari akiwa ameona maiti bila kumwona aliyeua.

Sheria haisemi hivyo. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, katika ibara ya 13, yakataza mtu aliyeshitakiwa kutendewa kama mwenye kosa kabla ya kuthibitika. Kwa ajili hiyo lugha ya mahakama ina mtuhumiwa na mshitakiwa, majina mawili yaliyoundwa kwa kauli ya kutendwa, yanayosema tu kwamba watu wamemdhania na kumshitaki. Mwizi ni jina la mtenda, nalo hutoa hukumu nzima kwa silabi chache. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 humruhusu raia kumkamata mtu atendaye kosa mbele yake, lakini humtaka amkabidhi kwa polisi bila kukawia. Na wanaopiga kwa kusudi moja huhesabiwa kuwa washiriki wote. Mwanafunzi aliyetupa jiwe moja aweza kusimama kizimbani kwa mauaji.

Haiwezekani kumwambia aliyekwapuliwa anyamaze. Yawezekana kumfundisha, kabla ya siku hiyo, ukelele mwingine. «Nisaidieni!» huita watu kumwelekea mwenye shida, na hivyo huwatenga na anayekimbia. «Simu yangu!» hutaja mali. «Mkamateni, msimpige!» hutaja tendo na mpaka wake. Hakuna hata moja kati ya hizi iliyo na upungufu wa sauti, na hakuna iliyo na hukumu ya kifo ndani yake. Methali husema kwamba siku za mwizi ni arobaini. Haisemi kwamba mpita njia ndiye azihesabuye.

Sura ya onyo lifaalo

Katika miji yetu ubao ufahamikao kuliko yote huenda ukawa ule wa langoni: «Mbwa mkali.» Una maneno mawili, wataja hatari ni nini na iko wapi, na hakuna aupitaye akiuliza maana. Matangazo mengi ya vyuo huenda njia nyingine. Kwa kueleza tu, yafaa kulinganisha mifano miwili iliyotungwa. Wa kwanza: «Wanafunzi wote wanatakiwa kuwa makini kutokana na kuongezeka kwa vitendo vya uhalifu, na kutoa taarifa kwa watu wa usalama.» Wa pili: «Simu hukwapuliwa katika njia ya bondeni, kuanzia saa 1 hadi saa 3 usiku, yaani 19:00 hadi 21:00. Piteni barabara yenye taa, wawili au zaidi. Ukitishiwa kwa silaha, toa simu. Kisha ita mlinzi wa lango au piga 112.»

Mfano wa kwanza una sauti ya ofisi na hauna habari. Kuwa makini ni hali ya moyo isiyojulikana ianze lini na iishe lini. Maneno watu wa usalama yana hatari yake, maana katika Tanzania usemi huo huweza kueleweka kuwa ni maofisa wa upelelezi wa serikali, na mwanafunzi huogopa kwenda. Mlinzi, polisi msaidizi na polisi ni majina yasiyogombana. Mfano wa pili hauna fahari yoyote, lakini aliyeusoma ajua tendo, mahali, saa, la kufanya na wa kuambiwa.

Kazi ya kutunga maonyo ya namna hii haiwezi kuachiwa polisi na walinzi peke yao, kama vile kutengeneza kufuli hakuachiwi mwenye nyumba. Wenye elimu ya lugha wanao ujuzi wa kupima kila neno: lataja nini, laficha nini, na nani aweza kulisoma vibaya. Mwanzo wa kila mwaka wa masomo, vijana wengi huingia mjini kwa mara ya kwanza, na karatasi ya kwanza waionayo bwenini ni tangazo. Ikifika mikononi mwa mtu wa lugha kabla haijabandikwa, saa moja ya kazi yake yaweza kuokoa simu, heshima, hata roho.